Bolti ya Uvunguni

Resti alikuja kumzika baba yake akiwa amechelewa siku moja, na nadhani pale msibani ni mimi peke yangu ambaye sikumlaumu. Alishuka kwenye teksi mbele ya nyumba yetu ya Buzuruga turubai likiwa bado limefungwa, masufuria ya kukodi yameegemezwa ukutani yakisubiri mwenyewe, akasimama getini na mkoba wake mkononi kama mgeni anayeuliza njia. Hakulia. Shangazi zake wakaanza: "Huyu naye! Hata chozi?" "Mwenzangu, mtu hajazika mzazi, atalilia nini kaburi?" Nilitamani kuwatimua kwa mwiko. Nilimpokea mkoba, nikampa kiti, nikammiminia chai. Karibu miaka thelathini mwanamke huyu hakukanyaga kwao, na wote waliokuwa wakimsema hawakujua sababu. Mimi niliijua. Nilikuwepo, tena ndimi niliyeshika usukani. Tangu siku hiyo kichwa changu hakitulii, kinarudi kwenye mwaka mmoja tu wa ujana wangu, mwaka wa lile gari.

Sitaeleza nani alimzaa nani. Msibani yalisemwa yote hayo mpaka yakatuchosha. Inatosha kusema kwamba nilikuwa mke mpya wa Deo, kaka yake Resti, na kwamba Deo alikuwa na kazi Geita, anarudi nyumbani kwa mwezi mara moja akinuka vumbi. Nilibaki na baba mkwe wangu, Mzee Bwire, fundi umeme wa meli aliyestaafu, mjane, mtu wa maneno machache na vikombe vingi vya chai ya rangi. Na uani palikuwa na gari. Lilikuwa kubwa, jeupe, la Kimarekani, ndani yake nyumba nzima: jiko la gesi la plate mbili, friji ndogo, sinki lenye pampu yake, na kitanda nyuma kilichoshika karibu nusu ya nafasi. Wazungu wawili, mume na mke, walikuwa wamezunguka nalo nchi nyingi, wakafika Mwanza wakakorofishana, mke akapanda ndege na mume akaliuza kwa yeyote mwenye moyo. Mwenye moyo alikuwa Mzee Bwire. Watu wa mtaani walicheka mpaka wakachoka. Alihamishia godoro lake humo wiki ile ile, akasema nyumba ya matofali inamkosesha usingizi, haina mtetemo.

Sasa hapo ndipo penye jambo, na asiyekulia kwetu inabidi nimfafanulie. Kwetu mkamwana na baba mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Humpi mkono. Huli naye meza moja. Chumbani kwake huingii, na kitanda chake ndiyo kabisa, hukikalii, hukitandiki, hukigusi hata kwa kidole. Lile gari lote lilikuwa chumba kimoja, tena chenye kitanda. Jirani yetu Mama Zai, fundi cherehani, mwanamke asiyejua kufunga mdomo, alikuja siku ya kwanza akashika kiuno. "Koleta, mwenzangu, hiyo ni nyumba au ni gari? Maana kama ni nyumba, wewe na mkweo mtaingiaje?" Sauti ya mzee ikatoka ndani: "Mama Zai, mimi nikiwa ndani ni nyumba. Nikitoka ni gari!" Alicheka Mama Zai mpaka akakaa chini. Lakini ndivyo tulivyoishi. Yeye akiwa ndani, mimi niko nje. Akitoka kwenda msikitini kwa rafiki zake kupiga soga barazani, ingawa mwenyewe alikuwa Mkatoliki, ndipo nilipoingia kuosha vyombo, na hata hapo nilikomea kwenye sinki. Chakula nilikiweka kwenye ngazi ya mlango, ugali na dagaa au kipande cha sato, nikagonga bati mara moja na kuondoka.

Na ufundi alinifundisha hivyo hivyo, kwa mbali. Nilikuwa napenda kufungua redio tangu usichana, mikono yangu haitulii ikiona nati. Aliponiona siku moja nimeinama nikichungulia chini ya gari lake, hakuuliza natafuta nini. Alinirushia kipande cha boksi cha kulalia na spana. Basi mwaka mzima mimi chini mgongoni, yeye juu, tukizungumza kupitia tundu la sakafuni palipopita mabomba. "Mkwe, umeona waya mwekundu?" "Nimeuona, Baba." "Unakwenda wapi?" "Kwenye fyuzi." "Usiniambie unakwenda wapi kabla hujaushika ukaufuata mpaka mwisho." Nikaufuata. Tulitengeneza pampu ya maji, tukabadilisha mipira ya gesi na kuijaribu kwa povu la sabuni, tukapanga upya nyaya zote ambazo Mzungu alikuwa amezifunga kwa plasta ya vidonda. Alinifundisha kwamba gari lile lilikuwa na betri mbili, moja ya injini na moja ya nyumba, na kwamba moja ikiwa nzima haimaanishi kwamba na nyingine ni nzima. Alinifundisha pia juu ya waya wa ethi, ule mnene unaotoka kwenye betri na kufungwa kwenye bodi ya gari ili umeme upate pa kurudia. "Ukiunyima umeme njia ya kurudi," alisema, "utapita popote, hata kwenye kebo ya akseleta. Ukiigusa kebo hiyo ukaikuta ya moto, usihangaike na stata. Kimbilia ethi."

Betri zote mbili zilikuwa uvunguni mwa kitanda chake. Zilipohitaji kusafishwa, alizitoa mwenyewe, akaziweka uani, akajitenga, nami nikazikwangua vichwa vyake kwa maji moto na msasa mpaka vikang'aa. Lakini ile bolti ya ethi, pale waya unapofungwa kwenye chuma cha gari, haikuweza kutolewa uani. Ilikuwa mle mle uvunguni, kwenye kona, na kuifikia ilibidi mtu aingize kichwa na mabega chini ya kitanda. Hiyo aliishughulikia mwenyewe. Katika gari zima, kuanzia taa ya mbele mpaka bomba la moshi, hapo tu ndipo mkono wangu haukuwahi kufika. Wala hatukulijadili. Nani angeanza? Na macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia mtoto wa jicho, ingawa hakukubali. Alikuwa akileta nati karibu na pua kabisa, halafu ananiuliza, kama mtu anayenipima, "Hii ni kutu au ni rangi?" Nami namjibu, kama mtu anayepimwa.

Habari ya Resti niliisikia nikiwa chini ya gari. Deo alikuwa amekuja, akaingia kwa baba yake, akakaa kitako, na mimi niko mgongoni nimeshika spana, hawajui kama nipo au wamesahau. "Baba, Resti anaolewa, Bukoba huko huko anakofundisha. Anasema uje umtoe." Nikasikia kikombe kinawekwa chini. Nilijua kidogo kuhusu ugomvi wao. Mama yao alipofariki, mzee alikuwa ziwani; meli ilizimika umeme katikati ya maji naye ndiye fundi, na aliporudi wakamwonyesha udongo mbichi. Resti alikuwa msichana wa sekondari. Alimwambia baba yake mbele ya watu, "Mke wako ni mashine, kaishi nayo," na tangu hapo wakawa hawasemeshani. "Lakini amesema hivi," Deo aliendelea, na sauti yake ikashuka, "amesema safari hii ukichelewa, asikuone tena mpaka afe." Mzee akasema, "Mwambie nakuja. Nakuja na gari langu." Deo akamsihi apande meli pamoja na ndugu wengine. "Meli nimeishi nayo ya kutosha," alisema. "Mashine ndiyo iliyonichelewesha kwa mama yake. Mashine ndiyo itanifikisha kwake, na aione imesimama mlangoni pa kanisa." Nilimwelewa. Mungu anisamehe, nililipenda wazo lile.

Kwa kuwa macho yake yalikuwa vile, dereva nikawa mimi. Deo na ndugu wakatangulia na meli. Tulishona pazia zito kwa Mama Zai, tukalitundika nyuma ya kiti cha dereva, huku mbele kukawa kwangu na huko nyuma kwake, na kila mtu akaridhika na heshima yake. Tulivuka na kivuko mpaka Kamanga siku ya Alhamisi, watu wakilizunguka gari na kuuliza kama ni zahanati. Sengerema nililala gesti, yeye akalala garini. Ijumaa asubuhi tulikuwa barabarani mapema, na harusi ilikuwa Jumamosi saa nne, kwa hiyo nafasi ilikuwa ya kutosha na kubaki. Nyuma ya pazia nilimsikia akiimba. Sikuwahi kumsikia akiimba kabla wala baadaye. Tulipita Geita, barabara ikawa ya vumbi jekundu na mashimo, tukasimama bondeni kwenye kijito kuongeza maji ya rejeta. Nikazima injini. Kuwasha tena, ikalia tik, basi. Tik.

Watu walitokea, kama wanavyotokea popote gari linapokwama. "Tulisukume, dada!" Nikawaambia hili ni la otomatiki, halisukumwi likawaka. Hawakuniamini, wakalisukuma hivyo hivyo mpaka wakalowa jasho, wakaondoka wakininung'unikia. Mzee akashuka, akaangalia taa za ndani, zinawaka vizuri kabisa. "Betri ni nzima," alisema. "Ni stata." Nikaingia chini, nikaigonga stata kwa spana kama tulivyozoea, yeye anageuza funguo. Tik. Nikaweka mita, mshale ukaanguka kila alipogeuza. Ndipo mkono wangu ukagusa kebo ya akseleta, na ilikuwa ya moto kama mpini wa sufuria. Moyo ulinilipuka kwa furaha, kwa sababu nilijua. Nikatoka chini nimejaa vumbi. "Baba, kebo ya akseleta ina moto." Alijua nimesema nini, yeye ndiye aliyenifundisha. Akapanda ndani, nikamsikia anavua viatu, anapiga magoti, anahema uvunguni. Akarudi. "Nimeikaza. Imekaza sawasawa." Na mimi nilijua kwamba bolti inaweza kukaza sawasawa na huku chini ya washa yake, kile kichuma cha duara, kuna kutu nyeupe kama unga, na ili uione inabidi uifungue na uwe na macho. Nikasema, "Sawa, Baba."

Hiyo ndiyo sentensi ambayo nimeishi nayo. Sawa, Baba. Ningesema nini? Kumwambia mzee hujaona vizuri, ni kumtukana. Kumwambia niruhusu niingie uvunguni mwa kitanda chako, ni afadhali nimtukane. Na yeye angesemaje, mkwe wangu, ingia kichwa chini ya kitanda changu? Mtu mzima yule? Tulisimama kila mmoja upande wake wa gari tukiwa tunajua wote wawili, na kila mmoja alimheshimu mwenzake kadiri alivyoweza. Saa saba hivi basi la Bukoba likapita, likasimama, kondakta akaita, "Mzee, nafasi ipo!" Nilimwangalia. Akapunga mkono. "Nendeni tu, sisi dakika tano." Nililitazama likipanda kilima. Nasema ukweli, nilitaka kulia, nikamenya viazi badala yake. Jioni mama mmoja wa boma la jirani alinichukua nikalale kwake na wanawe, akanipa maziwa ya mgando, akaniuliza kwa upole kwa nini tusiite fundi. Nikamwambia fundi tunaye.

Jumamosi asubuhi nilirudi na chai, nikaiweka kwenye ngazi, nikagonga bati. Mlango ukafunguliwa nikageuka upande kama kawaida, lakini nikamwona. Alikuwa amevaa suti ya kijivu, shati jeupe, tai, viatu vimepigwa rangi. Kumbe aliibeba imefunikwa na gazeti. Akakaa kwenye ngazi pale bondeni, ng'ombe wanapita kwenda majini, akaiweka saa yake juu ya goti. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, mkwe." Sikuthubutu kukaa, sikuthubutu kwenda. Saa nne ikafika, ikapita. Alikaa hivyo hivyo muda mrefu, halafu akavua koti, akalikunja vizuri, akalilaza mapajani.

Mchana likaja lori la samaki. Dereva wake alikuwa Msukuma mcheshi, amevaa fulana ya ndani tu kwa joto. "Poleni, wazee! Mnasafiri na nyumba na bado mmelala njiani?" Mzee akainua kichwa, akasema bila kunitazama, "Mkwe, mwambie huyu kijana anachotakiwa kufanya." Basi. Nikasimama mlangoni, dereva akapanda, akaingia uvunguni mabega yote, nami nikawa namwelekeza kutoka nje: spana namba kumi na tatu, fungua yote, toa washa, kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, rudisha. Hakuwa ndugu yetu, kwa hiyo kitanda kilikuwa kitanda tu kwake. Ilimchukua muda wa kunywa chai. Injini ikawaka mara moja, na sijawahi kuchukia mlio wa injini kama siku ile. Dereva alitoka anacheka, ametapakaa unga mweupe wa kutu viganjani. Akaondoka. Mzee akasimama karibu na taa ya mbele, mimi karibu na mlango. "Ulijua tangu jana?" "Nilihisi, Baba." "Ungesema." "Nilisema, Baba." Akatikisa kichwa taratibu. "Ungesema tena," alisema, na hakusema kwa hasira. Hadi leo sijui kama alikuwa ananilaumu au ananiomba radhi.

Tulifika Bukoba Jumapili. Ukumbini walikuwa wanafagia na kupakia viti. Deo alikuja kutupokea akiwa amevimba macho, akasema ndiye aliyemtoa dada yake. Alienda kumwita, akarudi peke yake. "Hataki." Mzee akauliza, "Umemwambia gari liliharibika?" Deo akajibu, "Nimemwambia. Amesema anajua, huwa yanaharibika." Tulirudi Mwanza. Gari likauzwa mwaka haujaisha, mzee akahamia chumba cha uani, Deo akampeleka akatolewa mtoto wa jicho, akaona vizuri kwa miaka mingi. Mimi nikafungua kibanda changu cha umeme wa magari, sasa natengeneza hadi bajaji na sola. Alikuwa anapita kunitazama akiwa na fimbo yake, anasimama mbali kidogo. Kuhusu bolti ile hatukuzungumza tena. Kumwandikia Resti nilitaka mara nyingi. Ningeanzaje? Ningemweleza mtoto wa watu habari za kitanda cha baba yake? Wakati mwingine nikilifikiria nakasirika kabisa, nawakasirikia wote, waliotangulia na waliopo, halafu mkamwana wangu mwenyewe akigonga kwa adabu mlangoni kwa baba mkwe wake, najikuta nimefurahi. Sijui nifanyeje na mimi mwenyewe.

Juzi, watu walipotawanyika, Resti alinifuata jikoni akavuta kigoda tukawa tunamenya ndizi. Amekonda, amevaa miwani, ana kidevu cha baba yake. Akauliza, kama anauliza habari ya mvua, "Hivi wifi, lile gari siku ile lilikuwa na nini hasa?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia ethi. Nikamwambia kebo ya moto. Nilipofika kwenye uvungu kisu chake kikasimama. "Uvungu wa kitanda cha baba?" "Ndiyo." "Na wewe ndiye uliyekuwepo. Peke yako." "Peke yangu." Hakuhitaji kufafanuliwa, amezaliwa nyumba hii. Akafumba macho. "Jumapili mlipofika nilijua ni mashine tena," alisema. "Miaka yote hii nimesema ni mashine." Nikamwambia, "Ilikuwa heshima, wifi. Na macho yake." Kisha nikamweleza habari ya suti, ngazi, saa juu ya goti.

"Saa nne?" akauliza. "Saa nne alikuwa amekaa hapo?" "Amekaa." Akaweka kisu chini. "Nilikuwa nimesimama mlangoni pa kanisa," alisema. "Deo ameshanishika mkono, padri anasema tuingie, mimi nawaambia bado. Kwaya ilirudia wimbo mpaka watu wakaanza kugeuka kunitazama. Wifi, nilimsubiri. Baada ya yale yote niliyosema, nilimsubiri, na nikaona aibu hata kumwambia mume wangu." Ndipo akalia, alilia kwa sauti mpaka shangazi wakaja mlangoni, nikawafukuza kwa mkono. Alipotulia alinishika gauni. "Yeye alijua? Aliwaza kwamba nitakuwa namsubiri?"

Ningeweza kumdanganya, na labda mtu mwema zaidi yangu angemdanganya. Lakini nilikuwa nimeshanyamaza sana kwenye jambo hili. "Hapana," nilimwambia. "Saa nne ilipopita aliangalia saa yake, akasema, 'Ameshaingia.' Ndipo akavua koti."